Kabla hujaenda kuona gombo la Isaya

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipoingia Hekalu la Kitabu, lile jengo la Makumbusho ya Israel kule Yerusalemu lenye paa jeupe kama kifuniko cha mtungi, nilinyoosha moja kwa moja hadi katikati, kwenye kioo cha duara kilichozungushiwa gombo la Isaya, yaani kitabu cha nabii Isaya kilichoandikwa kwa mkono kwa Kiebrania zamani sana. Nikasimama pale nikalia, leso mkononi. Mama mmoja wa kundi letu la mahujaji akaniacha nimalize, ndipo akaninong'oneza: "Mwanangu, hiyo ni nakala."

Kweli, ni nakala. Gombo lenyewe ni la ngozi, lina zaidi ya miaka 2,000, na mwanga unaliumiza. Kwa hiyo ngozi halisi huoneshwa kipande kwa kipande, kwa zamu, halafu kinarudishwa gizani kupumzika.

Lakini usiidharau ile nakala. Gombo lina urefu wa zaidi ya mita 7, na hapo ndipo utakapoliona lote kwa mpigo. Tatizo ni kwamba kwa sisi tusiojua Kiebrania, yote yanafanana. Ndiyo maana nasema nenda ukiwa na sehemu moja tu unayoitafuta.

Yangu ni Isaya 40, mstari wa 7 na wa 8. Soma Biblia yako: "majani yakauka, ua lanyauka" yanajirudia. Basi mnakili wa gombo hili jicho lilimruka kutoka ya kwanza hadi ya pili, yote ya katikati akayaacha. Baadaye mkono mwingine ukaja kuyarudisha: ukayabana juu ya mstari, nafasi ikaisha, ukateremka nayo pembeni mwa safu wima ya maandishi. Na pale penye jina la Mungu, aliyesahihisha hakuliandika. Aliweka nukta nne.

Ni safu ya 33 kati ya 54, na unahesabu kutoka kulia. Makumbusho wameliweka gombo zima kwenye tovuti yao, kwa hiyo likuze kwenye simu ukiwa bado nyumbani, mpaka umbo la yale maandishi ya pembeni likukae kichwani. Ukifika huko picha haziruhusiwi.

Ndani ni giza-giza. Tulia kwanza macho yazoee, na kama unavaa miwani ya kusomea usiiache kwenye basi. Zungumza na kiongozi wa msafara mapema kuhusu muda: sisi tulipewa dakika 20, choo kikiwemo, halafu dukani kwenye vinyago vya mzeituni tukakaa karibu saa mbili! Ukibakiza nafasi, shuka chini ukaone Kodeksi ya Aleppo, Biblia ya kale ya Kiebrania ya mkono, iliyoandikwa Tiberia karibu mwaka 930. Hiyo ina kurasa, si gombo, na sehemu kubwa ya Torati yake haipo tangu vurugu za Aleppo za 1947.

Safari ya pili nilihesabu kwa kidole hewani, kama mtoto wa chekechea, hadi 33. Zilikuwepo, nukta nne. Jioni nikampigia simu yule mama, aliyeko Moshi.

"Shikamoo mama. Nimeziona."

"Marahaba. Kwenye ngozi, au umelia tena kwenye nakala?"