Unaanza kazi ya kuchuja dawa za gegedu? Soma hii kabla hujagusa pleti

Wadau mnaoanza maabara, hasa nyie mliopangiwa kutafuta dawa za magoti na maungio, siku ya kwanza mtaonyeshwa pipeti zilipo na inkubeta inafungwaje, basi. Kitu ambacho mara nyingi hakisemwi ni kwamba hiti, yaani kampaundi (kemikali unazojaribu) zinazoonekana kufanya kazi, utazipata tu, tena nyingi mpaka ukereke. Kazi yenyewe ni kuzikataa, na anayejua kukataa mapema ndo anaokoa muda wa watu wote.

Kwanza jua unapambana na nini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 528 walikuwa wanaishi na osteoathraitisi, ule ugonjwa wa gegedu kulika na jointi nzima kuharibika, na mpaka leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuusimamisha. Kuna za kutuliza maumivu, kuna sindano za steroidi, halafu kuna kubadilishiwa goti, yaani kati ya kidonge cha maumivu na kisu hapo katikati ni pengo, na hapo ndo tunapochimba.

Sasa twende kwenye seli maana hapa ndo watu wanaumia. Gegedu haina mishipa ya damu, haina mishipa ya fahamu, oksijeni ni kidogo, na seli zake yaani kondrosaiti ni chache mno, zimezungukwa na maji, kolajeni ya aina ya pili na agrekani, ile protini kubwa iliyobeba sukari. Zikiwa mle ndani zina umbo la duara, zimetulia. Ukizitoa ukazimwaga kwenye plastiki bapa zinaanza kujinyoosha, baada ya pasaji kadhaa (kila ukizihamisha kwenye chombo kipya ni pasaji moja) zinafanana na faibroblasti (seli za tishu unganishi), kolajeni ya aina ya pili inashuka, agrekani inashuka, kolajeni ya aina ya kwanza inapanda, na wewe unaendelea kuandika "kondrosaiti" kwenye kifuniko. Kwaiyo utachuja maelfu ya kampaundi kwenye seli ambazo zimeshaacha kuwa seli za gegedu. Mimi msimamo wangu ni pasaji ya kwanza, ikibidi sana ya pili, na kabla ya kuanza pima jini za kolajeni hizo mbili pamoja na SOX9, jini inayoongoza seli kuwa ya gegedu, usiangalie umbo peke yake. Ukiweza zikuze kwa pelleti (seli zimekusanywa bonge moja) au kwenye shanga za alginati (jeli ya mwani), angalau zinarudisha tabia zake. Zile laini za seli kama SW1353 zinafaa kwa maswali finyu, mfano kama kampaundi inazuia MMP-13 (kimeng'enya kinachokata kolajeni) isipande ukiweka IL-1 (protini inayoleta uvimbe), ila zimetoka kwenye saratani ya gegedu, usizitumie halafu ukatangaza unalinda gegedu la mtu.

Na serumu, jamani, yale majimaji ya damu ya kulishia seli. Ina vitu vya kukuza seli na ina protini zinazozuia vimeng'enya vinavyokula gegedu, kwaiyo kama jaribio lako linapima uharibifu afu umeweka serumu, umeshajifunga mikono mwenyewe.

Pleti sitaongea sana. Ile ya visima 384 ina visima 76 vya pembeni, na hivyo ndo vinavyokauka haraka, majaribio ya gegedu yanaenda siku nyingi kwaiyo utaona duara zuri la "hiti" pembeni mwa pleti. Ni uvukizi huo, hamna dawa hapo. Vijaze midia tu (maji ya kukuzia seli) usiweke sampuli. DMSO, kimiminika cha kuyeyushia kampaundi, nayo iwe sawa kila kisima, kontroli (visima vya kulinganishia) zikiwemo: stoku, yaani mchanganyiko mzito wa kampaundi, ya milimola 10 ukiipunguza mara 1000 unapata maikromola 10 na DMSO asilimia 0.1, hapo seli hazilalamiki. Na usigandishe na kuyeyusha stoku kila wiki, DMSO inavuta maji kutoka hewani na kampaundi zinaanza kujitenga na kutuama chini bila wewe kuona.

Halafu kuna Z prime, ile fomula ya Zhang na wenzake ya 1999 ya kupima ubora wa jaribio. Watu wanaikariri bila kuielewa. Chukua kontroli ya juu wastani 100, ya chini wastani 20, mtawanyiko 5 kila upande: unajumlisha mitawanyiko unapata 10, unazidisha kwa 3, unagawa kwa tofauti ya wastani ambayo ni 80, unatoa kwenye 1, jibu ni 0.625, pleti nzuri. Sasa wastani ubaki vilevile ila mtawanyiko uwe 10, jibu linaanguka mpaka 0.25. Yaani wastani hazijasogea hata kidogo lakini pleti haifai, na ndo maana bosi hashangilii ukimuonyesha tu kwamba nguzo mbili kwenye grafu zina urefu tofauti. Chini ya 0.5 rekebisha jaribio kwanza, usitume kampaundi.

Kipimo utakachokishika sana ni DMMB, ile rangi ya buluu inayogeuka zambarau ikikutana na sukari zenye salfeti zinazotoka kwenye agrekani. Rahisi na bei yake haiumizi, ila ina visa. Ukishachanganya soma papo hapo, maana ule mchanganyiko unajikusanya na kuzama, ukienda kujibu simu ukarudi, namba zimeshashuka. Alginati inaidanganya kwasababu nayo ina chaji hasi, DNA pia inaweza, kwaiyo wengi wanashusha pH mpaka karibu 1.5. Na usitoe namba ya sukari peke yake, igawe kwa DNA, la sivyo kampaundi iliyoongeza idadi ya seli tu itaonekana imejenga gegedu.

Sasa mtego mkubwa, huu ushike. Unachukua vipande vya gegedu, unaweka IL-1, agrekani inakatwa na sukari zinamwagika kwenye midia. Unaongeza kampaundi, sukari kwenye midia zinapungua. Umelinda gegedu? Labda. Au umeua seli zote, manake seli ndo zinazotengeneza hivyo vimeng'enya, seli iliyokufa haikati kitu! Sumu na dawa zinatoa grafu ileile. Ndo maana kila hiti lazima ipite kipimo cha uhai wa seli, LDH (kimeng'enya kinachovuja seli ikifa) kwenye midia au kingine unachokiamini, tena kwenye kipande kilekile na siku ileile, sio wiki ijayo kwenye seli nyingine.

Mitego mingine ipo. Ukitumia repota ya lusiferesi (kimeng'enya kinachotoa mwanga kuonyesha jini imewaka), kuna kampaundi zinazuia lusiferesi yenyewe na hazina habari na seli yako. Kuna zinazojikusanya mabonge madogo yanayonasa protini yoyote, hizo kwenye jaribio la kimeng'enya ukitia sabuni kidogo ya Triton utaona nguvu imeyeyuka. Na kuna zile Baell na Holloway walizoziorodhesha 2010, zinazotokea kama hiti kwenye kila skrini (zoezi la kuchuja) duniani kama ndugu asiyekosa sherehe. Kukumini, ile ya manjano ya binzari, ni maarufu kwa kusumbua namna hiyo, inang'aa yenyewe na inashika kila kitu.

Msikate tamaa lakini, skrini nzuri zipo. Kartojenini, molekuli ndogo ya kujenga gegedu, ilitangazwa 2012 baada ya kuchuja kampaundi kama 22,000 kwenye seli shina za binadamu, wakaangalia zipi zinatengeneza vinundu vinavyoshika rangi ya rodamini B. Swali lilikuwa rahisi, na waliipata. Bado haijafika kwa mgonjwa kama dawa iliyoidhinishwa. Na GLPG1972, dawa ya majaribio iliyolenga kimeng'enya ADAMTS-5 ambacho ndo mkasi mkuu wa agrekani, kwenye damu alama za agrekani kukatwa zilishuka vizuri tu, ila matokeo ya jaribio la wiki 52 yaliyotoka 2020 hayakuonyesha gegedu la goti kuokolewa. Vizuizi vya MMP vilivyojaribiwa zamani kwa wagonjwa wa saratani ndo kichekesho, viliwaletea wagonjwa maumivu ya maungio.

Kwaiyo ukiwa na hiti iliyovuka yote hayo, jiulize mapema itakaaje ndani ya jointi, kwasababu molekuli ndogo ikidungwa gotini inaweza kuoshwa ndani ya saa chache, wakati wewe kwenye pleti umeiloweka siku nzima. Jaribu kuiweka saa moja tu kisha uioshe, uone kama athari inabaki. Rudia kwa wachangiaji angalau watatu wa gegedu, kila mmoja kivyake, usizichanganye seli zao, maana mmoja anaweza kujibu sana akabeba wastani wa wote. Na kabla hujawapelekea watu wa kemia, agiza poda mpya ya batchi nyingine, pima usafi wake, chora upya dozi zote kuanzia mwanzo. Poda mpya ikikaa kimya wakati ile ya zamani inafanya kazi, basi kilichokuwa kinafanya kazi ni uchafu au kitu kilichooza humo kwenye stoku, unaandika hivyo kwenye daftari unahamia kampaundi inayofuata.