Mgagani: uchungu wake unaanzia shambani, si jikoni

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilinunua mgagani, mboga ya majani, sokoni Igoma hapa Mwanza, fungu kubwa lenye maua meupe, nikalikaanga moja kwa moja kama mchicha. Mgeni wetu, mzee wa makamo, alikula matonge mawili akanawa. Iliniuma sana. Mama mkwe hakunisema. Tulipokwenda kwake Magu alinipeleka nyuma ya zizi, kwenye samadi, ambako mgagani huota wenyewe mvua zikianza. "Mwanangu, ukishatoa maua umeshachelewa," akaniambia.

Basi chuma kabla ya maua. Jani limegawanyika kama vidole, mara nyingi vitano, na shina changa lina vinyweleo vinavyonata kidogo. Vunja ncha tu. Huchipua tena, utarudi wiki ijayo. Beba beseni zima, maana likiiva hubaki bakuli.

Kuna sehemu moja nakuomba usichume kabisa: katikati ya pamba. Mgagani hustawi humo, tena unavutia macho, lakini pamba hupigwa dawa ya wadudu na dawa haichagui jani. Sokoni muulize muuzaji ameutoa wapi. Asipojua, acha.

Jikoni, chemsha kwa maji mengi, dakika kama kumi, kisha onja maji yenyewe. Yakiwa machungu sana, mwaga. Yakiwa ya wastani, bakiza kidogo, kwa sababu humo ndani kuna virutubisho pia, na uchungu kidogo ndio unaofanya mboga hii iende na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, au wa mtama. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mgagani, halafu karanga zilizosagwa ulizokoroga kwa maji. Moto mdogo, koroga, zisishike chini. Chumvi mwisho. Nikiwa na dagaa wa Mwaloni, soko letu la samaki, nawakaanga pembeni, siwachanganyi, maana harufu yao huufunika mgagani.

Kwa watoto natumia maziwa badala ya karanga. Nayamimina kidogo kidogo mboga ikiwa motoni, na kiporo chake, kikipashwa asubuhi, ni kitamu kuliko chakula cha jana yake.

Mvua zikiwa nyingi chemsha wa ziada, kamua, anika kivulini penye upepo mpaka uvunjike ukiushika, kama tufanyavyo nsansa ya majani ya kunde. Mwezi wa saba, shamba likiwa kavu, unauloweka tu na kuendelea na karanga zako.