Kompyuta Iliyokataa Skrini ya Pili

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na vipaimara, na ukishazoea skrini mbili kwenye kazi hii huwezi kurudi nyuma tena. Kushoto unamwaga picha zote ulizopiga, kulia unapanga unayoijenga. Nilikuwa na monita moja ya ofisini, hertz 60 (yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde), kisha nikapata ya pili ya mtumba kutoka kwa kijana aliyekuwa anauza vitu vyake vya gemu, hertz 144. Siku mbili za mwanzo mambo safi. Siku ya tatu, saa tano usiku, nikiwa katikati ya kukata keki, skrini zote mbili zikawa nyeusi na kompyuta ikanyamaza kimya. Nikachomoa monita mpya, nikawasha, nikafanya kazi mpaka alfajiri bila shida. Asubuhi nikairudisha. Adhuhuri haikufika.

Ushahidi gani tena unautaka? Nikailaumu monita. Nikanunua kebo mpya, halafu nyingine. Nikaweka Windows upya. Nikaazima kwa rafiki kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenda kwenye skrini, nayo ikazima, nikaona basi, kompyuta nzima imekwisha. Wiki tatu zilipita namna hiyo, huku mama wa bibi harusi akinipigia simu kila jioni: "Mwanangu, video yetu vipi?"

Kosa langu lilikuwa kusema "inazima" bila kuangalia inazima vipi. Neno hilo tunalitumia kwa mambo matatu yasiyo na undugu. Kuna skrini kuwa nyeusi au kuganda wakati muziki unaendelea kusikika: kompyuta iko hai, kilicholala ni draiva ya kadi (programu inayoiendesha) au kadi yenyewe. Hapo bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva inaanzishwa upya, unasikia mlio mfupi, na mara nyingine picha inarudi na kazi yako ikiwa salama. Kuna skrini ya bluu, ambayo angalau inakuachia jina la kosa, basi lipige picha na simu kabla halijapotea. Na kuna kukatika ghafla, kama mtu kachomoa waya ukutani. Hii ya tatu, asilimia kubwa ya mafundi niliokutana nao wanaitibu kama ile ya kwanza, wanakuwekea draiva.

Windows yenyewe inaandika kumbukumbu. Tafuta eventvwr kwenye menyu ya kuanzia, fungua Windows Logs, kisha System, shuka mpaka dakika ile ilipozima. Ukikuta neno Display na namba 4101, maana yake draiva iliacha kujibu na Windows ikaiamsha (kwa kawaida inaisubiri sekunde 2 tu). Ukikuta Kernel-Power 41, usifurahi haraka, hiyo inaandikwa kila kompyuta inapozima bila kuagwa. Ifungue, nenda Details, soma BugcheckCode. Ikiwa 278, hiyo ni skrini ya bluu ya upande wa kadi na draiva. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hapo macho yaende kwenye umeme na joto kwanza.

Yangu ilikuwa 0. Mara zote. Ningesoma mstari huo siku ya kwanza ningebaki na hela yangu.

Sasa, kwa nini ilivumilia monita moja na kukataa mbili? Hili lilinisumbua kuliko yote. Kadi ya grafiki ikiwa na monita moja na hakuna kazi nzito, inashusha kasi ya memori yake ili ipumzike. Inafanya hivyo katika kile kipande kidogo cha muda kati ya picha moja na inayofuata, usione skrini ikimeta. Ukiipa monita mbili zenye hertz tofauti, vipande hivyo vya muda havikutani, kwa hiyo kadi nyingi zinaamua kuiacha memori juu kutwa nzima. Niliweka GPU-Z, programu ya bure, nikaangalia: monita moja, megahertz 300. Nikachomeka ya pili: 1650, na haikushuka hata nilipoiacha nikaenda kula. Kadi ilikuwa na joto na mimi sijafungua hata programu ya kuhariri.

Nikaingia kwenye mipangilio ya Display, Advanced display, nikashusha ile ya gemu mpaka 60 kama mwenzake. Memori ikashuka. Kama una hali hii, jaribu hilo kabla hujatoa hata mia mfukoni. Kwa wengine tatizo linaishia hapo. Kwangu kuzima kulipungua kutoka kila siku hadi mara moja kwa siku tatu, tena wakati wa kurenda tu, yaani kompyuta inapotengeneza video ya mwisho, na nikakaa wiki nzima nikijidanganya kwamba nimepona.

Ndipo nikafungua kile sisi wote tunachokiita CPU, yaani kasha lenyewe. Vumbi la Dar unalijua, nililisukuma na brashi ya rangi huku nimeshika feni isizunguke. Kisha nikafuata waya wa umeme wa kadi kwa kidole, kutoka kwenye kadi kurudi kwenye pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha. Kadi yangu ina tundu la pini 6. Kompyuta ni ya mtumba, ya ofisini huko ilikotoka, na pawa saplai yake haina waya wa aina hiyo, hivyo aliyeniuzia aliunganisha kwa adapta: upande mmoja pini 6, upande wa pili plagi bapa ya SATA, ile ile ya kuwasha diski. Piga hesabu. Plagi ya SATA imepangiwa ampea 4.5 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 54. Kwenye tundu la pini 6 kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Nilipoivuta ile plagi haikutaka kutoka. Ilipotoka, plastiki yake kwenye pini za waya wa njano ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ukingo umelainika na kuganda tena, na ilinuka kama soketi ya pasi iliyozeeka.

Kwa monita moja kadi ilikuwa inavuta kidogo, plagi inapata muda wa kupoa. Kwa mbili haikupoa kabisa. Kadi ya kuazima nayo ilizima kwa sababu niliichomeka kwenye adapta hiyo hiyo.

Niliipeleka dukani Kariakoo. Fundi akaigeuza mkononi, hakushtuka.

"Braza, hizi tunauza kila siku."

"Na hazirudi?"

"Zinarudi kadi. Watu wanasema imekufa."

Nikanunua pawa saplai yenye waya wake halisi wa pini 6. Kwa kompyuta za ofisini pima kwanza, maana nyingi zina umbo lake na plagi yake kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), pawa saplai ya kawaida haiingii.

Kuna jambo la pili nililogundua njiani, nalo sikulitafuta. Nikichomeka kebo ya picha ya HDMI huku nimegusa mgongo wa kasha nilikuwa napata kishoti kidogo, kama kuumwa na siafu. Monita ya mtumba ilikuja na plagi ya Ulaya ya miguu miwili ya duara, na mimi, kama Watanzania wengi, nilichokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu nikaisukuma kwenye matundu mawili ya chini. Tundu lile la juu ndilo la ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukilikwepa, umeme unaovuja kwenye monita unatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni kebo ya picha kuelekea kwenye kadi yako. Nilitafuta waya wenye plagi ya miguu mitatu, nikachomeka kompyuta na monita zote kwenye ekstensheni moja yenye ethi inayofanya kazi, na siafu wakaondoka. Mpaka utakapohakikisha ethi yako, zima kila kitu ukutani kabla ya kuchomeka HDMI.

Kama kumbukumbu zako zinasema 4101 badala ya 0, njia yako ni nyingine: ondoa draiva kabisa kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa safe mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, na intaneti imezimwa, kisha weka iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi, hata ikiwa ya zamani kidogo. Hakikisha pia kebo zote mbili ziko kwenye kadi, isiwe moja kwenye kadi na nyingine kwenye mazabodi. Wale wa DisplayPort, aina nyingine ya kebo ya picha, zipo kebo za bei rahisi zilizounganisha pini ya 20, ambayo kwenye kebo ya kawaida haitakiwi kuunganishwa. Hiyo inapitisha volti 3.3 kati ya monita na kompyuta, na kompyuta inaweza kugoma hata kuwaka. Asiye na kadi, anayetumia grafiki ya ndani, akumbuke kwamba skrini zake zinakula RAM ya kompyuta: achomoe RAM, asafishe meno yake kwa kifutio cha penseli, airudishe hadi isikike kubana.

Chochote utakachojaribu, badilisha kitu kimoja, kaa nacho siku mbili, andika. Mimi nilikuwa nabadilisha vitatu kwa mpigo, na hata leo siwezi kukuambia kama zile kebo mbili nilizonunua zilikuwa na kazi yoyote. Ziko kwenye droo, pamoja na ile adapta.