Mashine mpya imeletwa, mbona pea haziongezeki?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nashona sehemu za juu za viatu, huu mwaka wa nne. Kiwandani wameleta mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, inakata balaa, ila pea zinazotoka jioni ni zilezile za mwaka jana, na supavaiza kutwa anatufokea washonaji eti sisi ndo tunamchelewesha. Kweli kosa ni letu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole kwa makelele. Kosa si lenu, kosa ni la aliyepiga hesabu, kama ilipigwa. Laini ya viatu, yaani hatua za kazi zinazofuatana toka kukata mpaka soli, ni kama watu wanapokezana ndoo za maji, ukimweka jamaa mmoja mwenye mbio mwanzoni na wengine ni walewale, maji hayafiki haraka, ndoo zinamlundikia tu wa pili. Angalia hapo ulipokaa, bila shaka kuna marundo ya vipande vimeshakatwa vinawasubiri. Hayo marundo ni hela ya tajiri imelala, na oda ikibadilika katikati ndo hasara yenyewe.

Zamu ya saa 8 ina sekunde 28,800. Tuseme oda ni pea 960 kwa siku, ina maana kila sekunde 30 lazima pea moja imalize laini. Sasa kama kuna hatua moja ya kushona inayokula sekunde 50 na ina mtu mmoja, huyo mtu hata asipoenda chooni atatoa pea 576, basi, na kiwanda kizima kitatoa 576 hata ukileta mashine tano za kukata. Muongezee mwenzake hapo, wawili wanafika 1,152 na laini inapumua. Hakuna mashine mpya hapo, ni cherehani ya pili na mtu wa kuikalia! Mwambie supavaiza achukue saa ya simu apime kila hatua, asimamie pale inapokwama, siyo pale penye watu wapole wa kufokewa.

Halafu kushona ndo kwenye watu wengi karibu kila kiwanda, na kuna sababu. Vipande ni vingi, vyororo, vimepinda, kitambaa kinavutika hivi na ngozi vile, na mkono wa mtu unahisi hayo na kurekebisha bila hata kufikiri, roboti bado inahangaika kushika kitu kinachojikunja. Hata hiyo ya kukata, kitambaa cha kiwandani inakipanga vizuri kwa sababu kiko sawa kote, ila ngozi ya mnyama ina makovu, ya tumboni inalegea kuliko ya mgongoni, hapo anahitajika mtu anayeisoma ngozi.

SWALI: Nataka kujifunza kazi ya viatu lakini baba mdogo anasema nisipoteze muda, roboti zinamaliza kila kitu. Nifanyeje?

JIBU: Baba mdogo hajakosea yote. Kule Lynn, Massachusetts, Marekani, mji uliokuwa unaishi kwa viatu, mafundi wa kuvuta ngozi juu ya kalibu (lile umbo la mguu) walikuwa ndo wafalme, fundi mzuri alitoa kama pea 50 kwa siku na wengi waliamini hakuna mashine itakayoweza kazi ile. Akaja Jan Matzeliger, kijana mweusi aliyezaliwa Suriname mwaka 1852, naye anafanya kazi kiwandani humohumo, akawa anahangaika usiku na vipande vya mbao na vyuma, na mwaka 1883 akapata hataza (hati ya kumiliki ubunifu) ya mashine iliyokuja kutoa pea 150 mpaka 700 kwa siku. Ufalme ukaishia hapo, viatu vikashuka bei, na yeye mwenyewe akafa kwa kifua kikuu mwaka 1889 akiwa na miaka 36, hajafaidi sana. Waliofaidi zaidi ni wenye makampuni ya mashine, maana kampuni kubwa iliyoundwa mwaka 1899 ilikuwa haiuzi hizo mashine, inakodisha, mwenye kiwanda analipa mpaka achoke.

Lakini upande wa pili upo. Adidas walifungua viwanda viwili vya roboti, kimoja Ansbach Ujerumani na kingine Atlanta Marekani, dunia nzima ikaandika kwamba kazi za Asia zimekwisha. Mwaka 2019 wakatangaza wanavifunga na teknolojia ile wakaipeleka kwa wazalishaji wao wa Asia, kwenye watu na ujuzi.

Kwa hiyo kajifunze, ila usijifunze hatua moja. Mashine haili kiwanda chote kwa siku moja, inakula hatua, na mtu anayejua kukata, kushona na kuweka soli anahamishwa, wa hatua moja anaagwa. Na ukiajiriwa kwa malipo ya kila pea, uliza mapema mashine ikija bei ya pea inakuwaje, hapo ndo watu wengi hulia, wanatoa mara mbili na mfuko uleule.

SWALI: Napaka gundi ya soli. Wanazima feni eti inakausha gundi haraka. Jioni kichwa kinauma, siku hizi na vidole vya miguu vinakufa ganzi.

JIBU: Hili lisisubiri toleo lijalo, nenda hospitali. Baadhi ya gundi za viatu zina heksani, kemikali ya kuyeyushia gundi, ukiivuta muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na ganzi huanzia huko huko kwenye vidole. Gundi za maji zipo na ni salama zaidi, wenye viwanda wanazikwepa kwa sababu zinataka joto la kukaushia na laini inapungua mwendo. Kwa sasa kopo lifunikwe kila ukimaliza kuchota, na feni ya kuvuta hewa nje iwekwe upande wa pili wa meza ili mvuke usipite usoni kwako. Na piga picha lebo ya kopo uende nayo kwa daktari, ukimwambia tu "gundi" atakupa dawa ya kichwa.