Maswali ya Wasomaji: Tunu za Kanada na Uchaguzi wa Viongozi wa Vyama

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anaishi Edmonton, na kila tunapozungumza kwa simu huniambia kwamba watu wa magharibi ya Kanada na watu wa Quebec hawana tunu zinazofanana hata kidogo, na kwamba ndiyo sababu Chama cha Wahafidhina huvurugana kila kinapotafuta kiongozi. Nimesikia pia kwamba mwaka 2017 mgombea mmoja aliongoza karibu muda wote wa kuhesabu kura, kisha akashindwa mwishoni. Je, alishindwa kwa sababu ya mgawanyiko huo wa tunu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mgawanyiko upo, na mdogo wako hakosei kuuhisi akiwa Alberta, mkoa wa magharibi wenye jiji hilo la Edmonton. Hata hivyo, ukichunguza yaliyotokea mwaka 2017, utaona kwamba mengi yanayotajwa kuwa ni tunu yanatokana na mambo mawili ya kawaida zaidi, yaani kanuni ya kuhesabu kura na namna watu wa kila sehemu wanavyopata riziki.

Tuanze na kanuni. Chama cha Wahafidhina cha sasa kilizaliwa Desemba 2003, pale chama cha Canadian Alliance kilichoongozwa na Stephen Harper, ambacho nguvu yake ilikuwa magharibi, kilipoungana na chama kikongwe cha Progressive Conservative kilichoongozwa na Peter MacKay wa Nova Scotia. Chama hicho kikongwe kilikuwa na wanachama wachache kuliko mwenzake, kikahofia kumezwa. Ndipo ikakubaliwa kwamba katika kumchagua kiongozi kila jimbo la uchaguzi litakuwa na alama 100, liwe na wanachama elfu tatu au themanini, na alama hizo zigawanywe kwa wagombea kulingana na asilimia ya kura walizopata humo.

Mwaka 2017 Kanada ilikuwa na majimbo ya uchaguzi 338, kwa hiyo alama zote zilikuwa 33,800. Mkoa wa Alberta, wenye majimbo 34, ulikuwa na alama 3,400, na Quebec, yenye majimbo 78, ilikuwa na 7,800. Sasa linganisha na uchaguzi mkuu wa 2015, ambapo Wahafidhina walishinda viti 29 kati ya 34 vya Alberta, na viti 12 tu kati ya 78 vya Quebec. Mkoa uliokibeba chama ulipewa uzito usiofika nusu ya ule wa mkoa uliokinyima kura. Mwanachama wa Calgary, jiji la Alberta, akilalamika kwamba kadi yake haina thamani sawa na kadi ya mwenzake wa Montreal, jiji la Quebec, analalamikia hesabu ya kweli. Mimi naona kanuni hiyo ilikuwa na busara, kwa sababu chama kinachotaka kutawala nchi nzima hakiwezi kumwachia sehemu moja uamuzi wa nani awe kiongozi, ila gharama yake ni kwamba kikundi kidogo kilichojipanga vizuri katika majimbo yenye wanachama wachache kinaweza kugeuza matokeo.

Na ndivyo ilivyotokea. Mgombea unayemzungumzia ni Maxime Bernier, mbunge wa jimbo la Beauce, kusini mwa jiji la Quebec. Mpiga kura katika uchaguzi ule hakuchagua mtu mmoja tu; aliwapanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi, na kila raundi aliyeshika mkia aliondolewa, kura zake zikahamia kwa chaguo lililofuata kwenye karatasi. Matokeo yalipotangazwa Toronto tarehe 27 Mei 2017, Bernier aliongoza kuanzia raundi ya kwanza hadi ya 12. Katika raundi ya 13, Andrew Scheer, mbunge kutoka Saskatchewan na Spika wa zamani, alimpita kwa asilimia 50.95 dhidi ya 49.05.

Kilichomponza Bernier, kwa sehemu kubwa, ni maziwa. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kanada huzalisha kwa mgawo maalumu. Bei anayolipwa mfugaji hupangwa kwa kuangalia gharama zake, na maziwa au siagi ya kigeni inayozidi kiwango kilichoruhusiwa hutozwa ushuru wa zaidi ya asilimia 200. Kuku na mayai nayo yamo katika utaratibu huohuo. Takriban nusu ya mashamba ya maziwa ya nchi hiyo yako Quebec. Bernier aliahidi kuuondoa utaratibu huo, akisema unamuumiza mnunuzi wa kawaida. Wafugaji hawakukaa kusubiri: wengi walinunua kadi za chama na kumpigia kura Scheer, aliyeahidi kuuhifadhi. Siku chache baada ya ushindi, Scheer alisimama jukwaani kwenye chakula cha jioni cha waandishi wa habari wa Bunge, akafungua pakiti ya maziwa na kuinywa mbele ya wote. Katika Beauce yenyewe, jimbo ambalo Bernier alikuwa amelishikilia tangu 2006, Scheer alipata alama nyingi kuliko yeye. Bernier alijitoa chamani mwaka 2018, akaanzisha People's Party, na mwaka uliofuata akapoteza kiti chake cha ubunge kwa Richard Lehoux, mtu aliyetumia maisha yake katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Mtu wa Quebec ndiye aliyehubiri soko huria, wazo ambalo watu wengi hulihusisha na Alberta, na huko Alberta alipata wafuasi wengi. Mtu wa nyanda za Saskatchewan ndiye aliyeyalinda maziwa ya Quebec. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Bernier aliangushwa na tofauti ya tunu kati ya magharibi na mashariki. Aliangushwa na watu wa nyumbani kwake, waliokuwa wakitetea maisha yao.

SWALI: Mhariri, katika uchaguzi huohuo palikuwa na mgombea aliyetaka wahamiaji wapimwe iwapo wana tunu za Kanada. Naomba kujua tunu hizo ni zipi, na kama wazo hilo lilitoka upande fulani wa nchi.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mgombea huyo ni Kellie Leitch, daktari wa upasuaji wa mifupa ya watoto na mbunge wa Ontario. Septemba 2016 alituma dodoso kwa wafuasi wake akiuliza kama serikali iwachuje watu wanaotaka kuhamia nchini kwa kuangalia iwapo mawazo yao yanapingana na tunu za Kanada. Tunu alizozitaja zilikuwa za jumla mno, kama vile uvumilivu, bidii, na uhuru wa mtu binafsi, na hapo ndipo ilipo kasoro yake kubwa: hakuna afisa wa uhamiaji anayeweza kumpima mtu uvumilivu kwa mahojiano, na mwenye nia mbaya hushinda mtihani wa aina hiyo kwa urahisi kuliko mtu mwaminifu mwenye hofu.

Wengi walidhani wazo lile lingependwa zaidi magharibi. Lakini miongoni mwa waliolipinga waziwazi walikuwamo Rona Ambrose, kaimu kiongozi wa chama aliyekuwa mbunge wa Alberta, na Deepak Obhrai, mbunge wa Calgary aliyekuwa naye akiwania uongozi. Huyu Obhrai anastahili kukumbukwa na wasomaji wetu, kwani alizaliwa Oldeani, karibu na Ngorongoro, akahamia Kanada mwaka 1977 na kuingia Bungeni mwaka 1997, akabaki humo hadi alipofariki Agosti 2019. Katika uchaguzi wa chama hakufika hata asilimia moja ya alama, lakini aliisema kweli yake kama mhamiaji mbele ya wanachama wenzake, na kwangu hilo lina heshima yake. Leitch mwenyewe alipata takriban asilimia 7 katika raundi ya kwanza.

Ukitaka kuona sehemu ambayo kweli imetunga sheria kwa jina la tunu, tazama Quebec. Mwaka 2013 serikali ya mkoa huo, ya chama cha Parti Québécois chini ya Pauline Marois, ilipendekeza Mkataba wa Tunu, uliokusudia kuwakataza watumishi wa umma kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi. Chama hicho kikashindwa uchaguzi mwaka uliofuata. Mwaka 2019 serikali ya François Legault ilipitisha sheria inayowazuia walimu wa shule za umma, polisi na waendesha mashtaka, miongoni mwa wengine, kuvaa hijabu, kilemba cha Kalasinga, kofia ndogo ya Kiyahudi au msalaba wakiwa kazini. Mimi naiona sheria hiyo kuwa ni dhuluma kwa mwalimu mwenye hijabu, ambaye hajamkosea mwanafunzi yeyote. Lakini mtu asiyejua kwamba hadi miaka ya 1960 Kanisa Katoliki lilisimamia shule na hospitali nyingi za Quebec, na kwamba kizazi kizima kilipambana kujitoa mikononi mwake, hataelewa kwa nini watu wengi wa huko wanaiunga mkono wakiamini kwamba wanatetea uhuru. Katika jambo hili tofauti na mikoa mingine ni ya kweli, na wagombea wa kitaifa huliogopa.

Alberta nayo ina jeraha lake. Mwaka 1980 serikali ya Pierre Elliott Trudeau ilileta mpango wa nishati uliodhibiti bei ya mafuta na kuongeza mgawo wa serikali kuu ya Ottawa katika mapato yake, na wazee wa Calgary huutaja mpaka leo. Ni suala la fedha na madaraka, nalo hurudi kila kizazi katika mabishano ya mabomba ya mafuta na kodi ya kaboni.

Nje ya mambo hayo, ramani za uchaguzi hutia chumvi. Mwaka 2019 Wahafidhina walichukua viti vyote 14 vya Saskatchewan, ramani ikawa na rangi moja, ilhali zaidi ya theluthi ya wapiga kura wa mkoa huo walichagua vyama vingine. Na ni Saskatchewan hiyohiyo iliyoanzisha bima ya matibabu ya umma mwaka 1962, huku madaktari wakigoma kwa wiki tatu kuipinga. Leo, ukimuuliza Mkanada wa mkoa wowote anajivunia nini katika nchi yake, bima hiyo haikosi kutajwa.

SWALI: Binti yangu ana ukaazi wa kudumu Toronto lakini bado hajawa raia. Je, anaruhusiwa kumchagua kiongozi wa chama? Na ile kanuni ya alama 100 bado ipo?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndiyo, mama. Katika Chama cha Wahafidhina mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga na kupiga kura akiwa na umri wa miaka 14 au zaidi, na Waliberali walifuata masharti kama hayo walipomchagua Mark Carney Machi 2025. Katika uchaguzi wa Bunge, hata hivyo, ni raia pekee anayepiga kura. Kanuni ya alama imerekebishwa kidogo: mwaka 2022, Wahafidhina walipomchagua Pierre Poilievre, jimbo lililopata kura chini ya 100 halikupewa tena alama zote 100, bali alama moja kwa kila kura. Safari ile kanuni haikubadilisha mshindi, kwani Poilievre alipata zaidi ya asilimia 68 ya alama katika raundi ya kwanza, akimshinda Jean Charest, waziri mkuu wa zamani wa Quebec, hata katika majimbo mengi ya mkoa wake. Binti yako azingatie tarehe ya mwisho ya kujiunga, kwa sababu hutangulia upigaji kura kwa muda mrefu: mwaka 2022 ilikuwa Juni 3, na matokeo yalitangazwa Septemba 10.