Balansi ni chenji au ni mizani?

SWALI: Mhariri habari, juzi hapa Kampala nashuka kwa taksi namdai kondakta chenji yangu, abiria akamkumbusha "mpe balansi yake bwana". Lakini benki balansi ni pesa iliyobaki kwa akaunti, sasa hili neno lina maana ngapi?

JIBU: Nyingi ndugu yangu! Limetoka Kilatini, bi ni mbili, lanx ni sahani, yaani mizani ya sahani mbili, ndo maana kwa mhasibu ni hesabu kulingana, na kwa boda aliyepakia mikungu mitatu ya matoke ni kutoanguka tu. Sisi Uganda ukitoa elfu tano nauli elfu mbili, ile elfu tatu ndo balansi. Muuzaji wa London hapo anasema chenji, kwake balansi ya malipo ni deni ulilobakiza, kwa hiyo ukimdai balansi yako mtabishana hadi jioni.