Mzee anaogopa kukatwa kinyama cha kupimwa

*Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, yuko Newala. Miezi mitatu sasa anapata choo chenye damu. Ameambiwa apitishiwe mpira wenye kamera, akatwe na kinyama cha utumbo kikapimwe. Amegoma, anasema ukikatwa kinyama ugonjwa unasambaa.*

Marahaba, mwanangu. Msomee mzee haya polepole. Kipimo hiki hakisambazi ugonjwa. Najua maneno hayo yanakotoka: wengi hupimwa wakiwa wamechelewa, wakifariki muda mfupi baadaye lawama inakwenda kwa kipimo. Mimi huumia sana kumpokea mgonjwa wa namna hiyo, kwa sababu saratani ya utumbo mpana mara nyingi huanza kama kijiuvimbe kidogo, polipu, ambacho huchukua miaka mingi kugeuka. Kikionekana mapema, mara nyingi huondolewa kwa mpira huohuo, bila kupasua tumbo.

Tena damu hiyo inaweza kuwa bawasiri, amiba au vidonda vya utumbo. Kamera inaonyesha palipoharibika. Kujua pameharibiwa na nini, mara nyingi ni mpaka kinyama kipimwe. Kabla hamjakata tiketi ya basi la Dar, ulizeni kwanza hospitali ya Ligula, Mtwara, au hospitali ya kanda pale Mitengo.

*Kinyama chenyewe kikubwa kiasi gani? Kinauma? (Lindi)*

Wewe wa Lindi utanielewa upesi: ni kama punje ya ufuta. Kikoleo chembamba hupita ndani ya mpira, kinabana, kinavutwa nje, nesi anakitikisa kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, na punje inazama. Kwa kawaida huchukuliwa kadhaa. Ngozi ya ndani ya utumbo haisikii ule mkato. Kinachosumbua ni hewa inayotanua tumbo. Damu kidogo ni kawaida. Ila ikitoka nyingi, au tumbo likakaza na kuuma sana, au homa ikapanda, rudi hospitali saa hiyohiyo: utumbo kutoboka ni nadra, lakini ni dharura.

*Nabangua korosho Masasi. Nile nini kabla ya kipimo?*

Korosho ziache siku tatu hivi kabla, pamoja na ufuta, kisamvu na mapera. Mabaki yake huziba kamera. Siku ya mwisho kunywa tu: chai ya rangi, maji ya dafu, supu iliyochujwa. Juisi ya rosela usiguse, wekundu wake hufanana na damu. Dawa utakayopewa ya kukuharisha ili utumbo usafike, imalize yote, hata ikikuchosha. Kama unatumia vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kisukari au ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema, usiache mwenyewe.

*Nilikatwa kinyama mwezi uliopita, kimya mpaka leo. Maana yake mimi mzima? (Kilwa)*

Hapana, dada yangu. Kinyama hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini, na pengine husafirishwa mbali. Jibu linaweza kuwa limefika likakaa kwenye faili. Chukua karatasi yako, rudi ulikopimwa wiki hii, na usiondoke hadi umesomewa.